Mama Mkwe Mgongoni

Ndugu zangu wa ushirika wa Amalemba, kila nikipita mnanivuta shati: "Lihanda, ile safari ya Khwisero ilikuwaje hasa?" Nimemsimulia huyu nusu, yule robo, na sasa nasikia sokoni inasemwa kwamba niliogelea nimemweka mama mkwe kichwani kama debe la maji. Sikuogelea. Kuogelea kwenyewe sijui. Basi naiandika yote mara moja, na atakayeongeza chumvi baada ya hapa ajue hiyo ni chumvi yake.

Habari tuliletewa na mwanamke muuza ndizi kutoka kwa kina Rispa, mke wangu. Alisema Mama Dorika, mama yake Rispa, aliteleza akiteka maji, mguu ukavunjika. Fundi wa mifupa aliufunga kwa vijiti, akaufunga sana, na sasa vidole vilikuwa vimepoa na kuanza kuwa vyeusi. Rispa alikuwa amejifungua juzi tu. Aliposikia "vyeusi" alimlaza mtoto kitandani, akanigeukia.

"Baba Neema, huo mguu utaoza. Enda umpeleke mama hospitali."

Kaka zake wako Nairobi na Mombasa, na mvua hii ya Elinino ilikuwa imechacha, barabara zimekatika kila upande. Mtu wa kwenda alikuwa mimi.

Amalemba hadi Malinya

Baiskeli yangu mnaijua. Nyuma kwenye kile kipande cha mpira cha kuzuia matope, fundi aliniandikia kwa rangi nyeupe: YESU ANATOSHA. Nilitaka anayenifuata barabarani asome, hata kama sina nafasi ya kushuka nikamhubirie. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba anayesoma naye ana mdomo.

Sikuwa nimefika mbali nilipomkuta mama mmoja na gunia la sukuma wiki, amekaa juu yake pembeni mwa barabara. Nilimsalimia nikapita. Akaniita.

"Wewe wa Yesu Anatosha! Na hii sukuma yangu haitoshi hapo nyuma?"

Nilirudi. Gunia lilikuwa limelowa, zito kama maiti, na nililisukuma hadi njia panda yake, yeye akitembea nyuma yangu akiniambia habari za mtoto wake aliyeacha shule. Mbele kidogo nikakuta wanaume wanasukuma lori lililozama. Nao wakasoma. "Ndugu, shika hapa nyuma basi, ama wewe ni wa kuandika tu?" Nikashika. Gurudumu lilizunguka, nikapakwa matope kuanzia paji la uso hadi viatu, na lori halikutoka. Nikawaacha wakibishana. Nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Nilikuwa na mguu wa mtu wa kuwahi, na kila hatua mimi nalipishwa yale maandishi.

Malinya niliingia kwa baba mdogo, Shisia, kuomba kamba. Baba mdogo si mtu wa kanisa. Yeye dini yake ni fahali wake wa kupiganisha, na mvua ilikuwa imewafungia wote wawili nyumbani, fahali kwenye banda na yeye mlangoni akimwangalia. Nilipewa obusuma, ule ugali wetu, na mboga ya kunde. Nikamweleza niendako.

"Unaenda kumtoa mama mkwe," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na utamshikia wapi?"

Nikamega tonge jingine. Kwa wenye vijana waliozaliwa mjini wasioijua desturi yetu, niseme hivi: kwetu mwanamume na mama ya mke wake hawapeani mkono. Hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite, na jina la mkwe mama halitajwi. Hakuna chuki hapo, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kumwona amelala ni balaa. Kumbeba hakujawahi hata kutungiwa jina.

"Si wewe unahubiringa hapo sokoni ati hayo mambo yaliisha msalabani?" baba mdogo akaendelea. "Nilikusikia na masikio yangu, nilikuwa nimesimama kwa muuza chumvi. Sasa nenda uyamalize."

Kweli nilikuwa nimehubiri hivyo, na ninyi mkaitika amina. Lakini tangu nimwoe Rispa sijawahi kuukaribia mlango wa jikoni wa mama yake, na mama huyo ameokoka kabla yangu. Baba mdogo alinipa kamba ya fahali, ndefu na nene, akanisindikiza hadi barabarani akicheka peke yake.

Malinya hadi Khwisero

Nilipita njia za ndani. Baiskeli ilinibeba kidogo, nami nikaibeba zaidi. Karibu na machimbo ya dhahabu niliwakuta wachimbaji wameketi kwenye ukingo wa shimo lao, miguu inaning'inia, shimo limejaa maji hadi juu. Walikuwa wanalitazama tu. Mmoja akasoma mpira wangu.

"Ndugu, tuombee haya maji yakauke."

Nikamwambia nina mgonjwa, nina haraka.

"Sikieni," akawaambia wenzake. "Anatosha, lakini ana haraka."

Wakacheka sana, na mimi nikaona haya. Nikaegemeza baiskeli, nikawaombea. Niliomba kwa ufupi, jicho moja likiwa kwenye baiskeli, maana pale watu sikuwajua. Nilipomaliza yule wa maneno mengi alivua kofia, akasema asante, na akanibebea baiskeli kuvuka kijito kilichofuata bila kuombwa. Sijui kama shimo lao lilikauka.

Kuku wa Khwisero

Nilifika Khwisero mchana umeshageuka. Uani palikuwa na watu wengi, maana habari ya mguu ilikuwa imezagaa. Aliyenipokea ni Mama Loise, kiongozi wa kina mama wa ushirika wa huko.

"Bwana asifiwe, ndugu!"

"Asifiwe sana. Mama yuko wapi? Twende."

"Keti kwanza."

Waliniwekea kiti kwenye baraza, mgongo kwenye dirisha la chumba cha mama, uso kwenye migomba. Ndivyo mkwe anavyowekwa. Ukuta ni wa udongo, kila kitu kinasikika. Nikamsikia mama mwenyewe akiuliza kwa sauti ya mtu mwenye homa.

"Ni mkwe amekuja?"

"Ni yeye, mama," Mama Loise akajibu.

"Amepewa kiti?"

"Amepewa."

"Shikeni yule jogoo mwekundu."

Nilishtuka. Nikamwambia Mama Loise, naye akapaza sauti kana kwamba mama yuko kijiji kingine: "Mkwe anasema hakuja kula, amekuja kukupeleka hospitali!"

Mama akajibu, na Mama Loise akanirudishia neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimesikia yote. "Mama anasema mkwe hajawahi kutoka kwake na njaa. Anasema akitoka na njaa leo, hiyo ndiyo itasimuliwa matangani. Asipokula, habebwi."

"Mwambie mguu unaharibika!"

"Mama anasema mguu ni wake."

Basi. Jogoo mwekundu alikuwa na akili kuliko sisi sote. Aliingia kwenye mahindi ya jirani na kundi zima likamfuata kwenye mvua, wakianguka, wakiinuka, wakilaumiana. Aliposhikwa, kuni zilikuwa mbichi. Moto ukakataa. Mtu akatumwa kuomba makaa kwa jirani, akarudi na makaa yaliyozimika njiani. Mimi nimekaa kitini naangalia migomba. Upepo ukigeuka nilikuwa naisikia harufu ya ule mguu kutoka dirishani nyuma yangu. Hapo, ndugu, nilijiambia: inuka, Lihanda, ingia humo ndani umbebe mama uondoke naye, wakushangae. Si uliihubiri? Sikuinuka. Niliogopa. Wale watu wote uani walikuwa wananijua kwa jina la Yesu, na bado niliogopa kuingia mlango wa udongo.

Ingokho ililetwa jua likizama, kuku mzima kwenye bakuli kubwa, na firigisi juu yake, ambayo kwetu ni ya mgeni wa heshima. Nilikula haraka hadi nikaungua ulimi.

"Amekula firigisi?" mama akauliza.

"Amekula, mama."

"Haya. Sasa nibebeni."

Lakini giza lilikuwa limeingia, na hakuna mtu wa kubeba kitanda gizani kwenye matope yale. Yule kuku alitugharimu usiku mzima. Nililazwa kwa Mzee Zakayo, mzee wa ushirika, kwa kuwa kwa mama mkwe, mkwe halali.

Khwisero hadi mtoni

Tulitoka alfajiri kuelekea Mumias, maana hospitali ya huko ndiyo iliyokuwa inafikika. Mama alikuwa kwenye kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili kwa kamba ya fahali ya baba mdogo. Wabebaji walikuwa wanne, wakipokezana na wengine wawili, na aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni Opati, jirani, mtu wa chang'aa, ambaye alijitolea kabla ya ndugu wote wa ushirika. Mama Loise alitembea ubavuni mwa kitanda. Mimi nilitangulia na baiskeli imebeba sufuria na nguo, nisije nikageuka nikamwona mama amelala.

Kutangulia kulikuwa na hasara yake. Opati alikuwa kwenye mti wa mbele, macho yake yakitazama mpira wangu wa nyuma.

"Yesu anatosha," anasoma tukiupanda mlima. "Hapo sawa. Na huyu mkwe je?"

"Opati, beba," Mzee Zakayo anamwambia.

"Si nabeba? Mimi mlevi nimebeba mama. Aliyeokoka amebeba sufuria."

Mama mwenyewe alikuwa akiimba pambio chini ya blanketi, kwa sauti ndogo, na kitanda kikiyumba wimbo ulikatika kidogo, kisha ukaendelea. Butere tulipumzika kwa mwenye duka aliyetupa chai ya bure baada ya kuunusa ule mguu. Alitutazama, akatikisa kichwa, akasema harakisheni.

Mtoni

Ule mto siku za kawaida watoto huuvuka wakicheza. Siku hiyo ulikuwa mwekundu na mpana, daraja limekwenda, zimebaki nguzo tu zilizosimama pembeni. Watu walikuwa wamejaa kingo zote mbili, wanasubiri maji yapungue. Mmoja alituambia wanasubiri tangu jana.

Kitanda hakingeweza kuvuka; maji yangekipiga kama jani. Watu walikuwa wamefunga kamba kutoka nguzo hadi mti wa ng'ambo, na waliokuwa na haraka walivuka wameishika. Opati aliingia kujaribu. Maji yalimfika kidevuni, yakamng'oa miguu, akabaki ananing'inia kwenye kamba akipiga kelele mpaka tukamvuta. Mzee Zakayo ni mfupi kuliko Opati. Wale wengine wote wafupi. Mnanijua, mimi hata mlango wa kanisa naingia nimeinama.

Walinitazama tu, wa huku na wa ng'ambo. Mama Loise ndiye aliyeinama kitandani.

"Mama, mwenye kuuweza mto huu ni mmoja."

Nilikuwa nimegeuza uso, natazama baiskeli. Nilikuwa najiuliza akikataa nitafanya nini, na nilijua jibu: nitasubiri hapo hapo, kama nilivyosubiri kuku, mpaka mguu ufe. Hilo lilinitisha kuliko maji.

"Mama," nikasema. Nilisema mwenyewe, si kupitia kwa Mama Loise. Watu wakashusha pumzi. "Mama, mimi nitakubeba. Lakini sema wewe."

Mama akasema, "Nifunikeni."

Wakamfunika leso tatu, kuanzia utosini hadi nyayoni, wakamzungushia kama mtumba. Kutoka ndani yake akasema, kwa sauti ya kuamrisha, "Mzigo hauna ukwe. Beba."

Nilimwachia Mzee Zakayo baiskeli, nikachuchumaa. Wakamfunga mgongoni kwangu kwa leso ya nne, kama mtoto, ule mguu wa vijiti umetokeza ubavuni, na Opati, aliyelowa chapachapa na anatetemeka, akaomba aushike yeye. Akafungwa kiunoni kwa kamba ya fahali iliyofunguliwa kitandani, wenzake wakaishika ncha ya pili, tukaingia majini. Mama alikuwa mwepesi. Hilo ndilo nililolishangaa kwanza. Yule niliyekuwa nikimkwepa mashambani miaka yote hii ili asinione alikuwa na uzito wa gunia dogo la maharagwe.

Katikati nikakanyaga jiwe likabiringika. Nilizama hadi mdomoni. Nikasikia Opati amepiga ukelele, na mikono ya mama ikachomoka kwenye leso ikanikaba shingo.

"Lihanda!" akasema sikioni mwangu. "Usiniangushe, mwanangu."

Tangu nimwoe binti yake hajawahi kulitaja jina langu. Kwake mimi ni mkwe, ni "huyo," ni "baba wa wale watoto." Nilisimama. Sijui nilisimama juu ya nini, lakini nilisimama, nikatembea, naye akabaki amenikaba vile vile hadi maji yakanishuka magotini. Nililia. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakuna aliyejua, mnajua ninyi sasa.

Ng'ambo

Ng'ambo ya mto mzee mmoja alikuwa ameingia majini kutupokea, kanzu yake ameikunja na kuichomeka kiunoni. Ni Mzee Athumani, mkulima na mwenye mkokoteni wa ng'ombe, nyumba yake iko hapo juu tu. Alimshika mama upande mmoja bila kuuliza.

"Salaam aleikum. Ni nani wako huyu?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema, nikingoja ashtuke.

"Basi ni mama yako." Akamwita mke wake.

Mama Zuhura, mke wake, alimwingiza mama ndani, akambadilisha nguo, akamnywesha uji. Opati, mimi na Mama Loise, aliyevushwa nyuma yetu ameshikilia kamba kwa meno na kucha, tukawekewa wali na kunde. Wao hawakuketi kula. Ndipo nikakumbuka ni Ramadhani. Nikasukuma sahani, nikasema siwezi kula mbele ya watu wenye saumu.

"Msafiri hana saumu," Mama Zuhura akasema. "Kula, utaanguka."

"Basi nitangoja mfuturu, tule pamoja."

"Na mguu wa mama nao utangoja?" akaniuliza. Nikavuta sahani.

Mzee Athumani alikuwa uani anafunga ng'ombe. Nilimfuata kumsaidia, akaniuliza mbona pale mtoni watu walisimama kama wanatazama harusi. Nikamweleza desturi yetu. Aliijua; yeye ni Mwanga, wa kabila la Wanga wa huko Mumias, na babu zake walikuwa nayo.

"Lakini kwetu sisi Waislamu mama wa mke wako ni maharimu yako," akasema. "Ni kama aliyekuzaa. Unampa mkono, unamsalimia, akiugua unambeba. Ninyi Wakristo mnakatazwa?"

"Hapana," nikasema. "Hatukatazwi."

"Basi mlikuwa mnangoja nini?"

Alikuwa anauliza tu, bila ubaya, huku anakaza nira. Mfukoni nilikuwa na zile karatasi zangu za Injili ambazo humpa kila mtu ninayekutana naye; nilizitoa nikakuta zimelowa, zimeshikamana kama chapati mbichi. Nikaziweka dirishani pa jikoni nikapanda mkokoteni.

Jua lilizama tukiwa njiani. Mzee Athumani hakusimamisha ng'ombe. Alitoa tende mfukoni na chupa ya maji, akanong'ona maneno yake, akafuturu huku anatembea, kisha akawachapa ng'ombe. Opati alinitazama.

Daktari aliukata ule ufungo, akatuambia tungechelewa siku moja zaidi angekata gotini. Alivikata vidole viwili. Mguu ukabaki. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakipita.

Asubuhi niliporudi kupitia kwao kuwaaga kina Athumani, mzee alinipa kifurushi. Alikuwa amezibandua zile karatasi moja moja, akazianika kwenye kamba juu ya jiko, zikakauka zikawa ngumu kama maganda.

"Karatasi zako hizi," akasema. "Niliona ni za maana kwako."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Sikumpa hata moja.

Kurudi Khwisero

Safari hii ya mwisho ndiyo niliyotoka juzi. Barabara zimekauka, mama amerudi nyumbani, na ushirika wa Khwisero uliita ibada ya shukrani. Nilikwenda na Rispa na mtoto. Uani palijaa, hata Opati alikuja, akakaa nyuma karibu na sufuria.

Zamu ya ushuhuda ilipofika mama alisimama mwenyewe, na fimbo. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu pembeni, uso kwenye migomba. Nilijua atataja jina langu mbele ya kanisa, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa unyenyekevu.

"Bwana asifiwe," mama akasema. "Nilivunjika mguu, Bwana akaniponya. Nilivuka mto. Aliyenivusha mimi simjui, nilikuwa nimefunikwa. Bwana anamjua."

Akaketi. Opati alicheka hadi akakohoa. Watu wakaimba. Mimi niliumia, kusema kweli. Niliumia kama mtoto aliyenyimwa. Njia nzima kila mtu alisoma jina la Yesu mgongoni kwangu akanidai kitu, na siku moja tu niliyolipa, mwenyewe anasema hakuniona.

Kisha chakula kikaja. Niliwekewa meza yangu peke yangu barazani, na kuku mzima, na firigisi juu. Nikangoja wa kuninawisha; kwa kawaida huwa ni jirani fulani, au Mama Loise. Nikasikia fimbo inagonga udongo, polepole, nyuma yangu, halafu kando yangu. Nikaona miguu, mmoja umepungua vidole.

Alikuwa ni mama, na birika mkononi na beseni kwapani. Uso wake ameugeuzia migomba, kama desturi inavyotaka. Uani watu waliacha kutafuna. Aliweka beseni mezani, akaegemeza fimbo, akainua birika bila kuniangalia, akaanza kumimina. Maji mengi yaliniangukia kwenye viatu, kwa sababu hakuwa anatazama anapomimina.

Nilisogeza mikono chini ya maji, nikanawa hadi birika likaisha.